Ameona taa angani usiku: dalili, visababishi na namna ya kuhakiki

Taarifa za namna hii hufika kwa njia nyingi. Mtu anatuma ujumbe wa sauti usiku wa manane, msikilizaji anapiga simu redio ya jamii, mwanafunzi anamsubiri mwalimu wa jiografia langoni asubuhi, mwenyekiti wa kitongoji anafuatwa na watu waliokwisha kukubaliana kwamba kuna kitu kimeshuka. Mwongozo huu ni wa yeyote anayeulizwa "ile ilikuwa nini?" na anataka kujibu kwa haki.

Msimamo ninaouanzia ni kwamba shahidi ameona kitu. Waongo wapo, lakini ni wachache kuliko tunavyodhani, na ukimwanza mtu kwa kumshuku umemfunga mdomo yeye na majirani zake. Kinachopotoka karibu kila mara ni umbali na ukubwa. Taa iliyo peke yake gizani haina kitu cha kulinganishwa nacho, hivyo jicho haliwezi kutofautisha taa ndogo iliyo mita mia mbili na taa kubwa iliyo kilomita mia mbili. Kauli kama "ilikuwa juu ya mwembe wa jirani, kubwa kama basi" ni tafsiri, na inaweza kukosea bila shahidi kusema uongo. "Ilikuwa upande wa machweo, imepita paa kidogo" ni kipimo, na kwa kipimo tunaweza kufika mahali.

Jibu lina uzito wake pia. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi zilizojengwa juu ya vitu vidogo kama wekundu wa macho. Taa isiyoelezwa inaweza kutafutiwa mwenyewe, na uvumi haumsubiri mchunguzi amalize shughuli zake nyingine. Ndiyo maana inafaa kuchunguza siku ile ile au kesho yake.

Kwanza: saa, upande, kimo

Msalimie, mwache asimulie mpaka mwisho, na usimtajie kitu chochote kwa jina. Ukisema "haikuwa ndege?" umempa neno la kulikubali au kulikataa, na kuanzia hapo simulizi si lake tena. "Shikamoo mama, naomba unisimulie tangu ulipotoka nje" inatosha kufungua. Akimaliza, nenda naye mpaka pale pale alipokuwa amesimama. Mazungumzo ya simu hayawezi kuchukua nafasi ya hatua hii.

Saa ndiyo inayoharibu taarifa nyingi za kwetu. Mmoja anaandika "saa 8 usiku" akisoma kioo cha simu, anamaanisha saa mbili usiku. Mwingine anaandika maneno hayo hayo akimaanisha saa nane, usiku wa manane umeshapita. Baina yao kuna saa sita, na kwa saa sita anga lote limezunguka robo: nyota zilizokuwa utosini zimezama na nyingine zimechukua nafasi. Usikisie. Uliza kama ilikuwa kabla au baada ya swala ya isha, kama taarifa ya habari ilikuwa imekwisha, kama watoto walikuwa wamelala. Kisha andika saa mara tatu: kama alivyoitaja, kwa mfumo wa saa 24, na kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, maana kumbukumbu za satelaiti na roketi huwekwa kwa UTC. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda unatoa saa tatu. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo unatoa mbili. Oman unatoa nne.

Upande usiukubali kwa jina tu. Watu wengi huita "mashariki" upande ambao jua huonekana kutokea likiwa limeshapanda juu ya nyumba za jirani. Mwambie anyooshe mkono, simama nyuma yake, pima kwa dira ya simu ukiwa mbali na gari na mabati. Kama dira inayumba, tumia msikiti: kuanzia Lamu mpaka Kilwa, kibla iko karibu kaskazini kabisa, na ukuta wa mihrabu utakupa upande wenye uhakika kuliko simu nyingi.

Kimo pima kwa mkono ulionyooshwa mbele kabisa. Ngumi moja ni kama nyuzi 10, vidole vitatu vya kati pamoja ni 5, kidole kidogo ni 1. Mwezi mpevu ni nusu uzi tu, yaani kidole kidogo kinaufunika na kubaki. Jaribio hilo lifanye mbele ya shahidi mwezi ukiwepo. Mtu aliyesema "ilikuwa kubwa kama mwezi" mara nyingi hurekebisha mwenyewe baada ya kuona mwezi ulivyo mdogo.

Muda nao usiuulize kwa dakika. Mwombe afuate njia ya ile taa kwa kidole, kwa mwendo ule ule aliouona, wewe ukiwa na saa mkononi. "Dakika tano" nyingi hugeuka sekunde arobaini.

Imetulia mahali pamoja, inang'aa kuliko nyota zote

Anza na sayari ya Zuhura (Venus). Hakuna kitu kinachoripotiwa zaidi, na sababu inaeleweka: ukiacha jua na mwezi, ndiyo inayong'aa kuliko vyote vilivyo angani kwa kudumu, na mahali penye giza tupu inaweza hata kutupa kivuli hafifu. Haijitengi na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi. Kwa kuwa anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa, Zuhura ya jioni huwa imezama ndani ya takriban saa tatu na kidogo tangu machweo, na ya alfajiri haichomozi mapema zaidi ya hapo kabla ya jua. Hivyo ukiambiwa taa ilikuwa magharibi saa moja na nusu usiku, ikashuka taratibu ikapotea saa tatu, fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, weka tarehe na mahali, utajua mara moja. Ukiambiwa ilikuwa saa sita usiku, Zuhura ifute. Uliza kuhusu Mshtarii (Jupita), ambayo nyakati nyingine hukaa angani usiku kucha, au Mirihi (Mars) kama rangi ilikuwa ya chungwa.

Kuna jaribio lisilohitaji programu. Shahidi akae usiku unaofuata, saa ile ile, aegemeze kichwa kwenye nguzo na kuipanga taa na ncha ya paa. Baada ya dakika 20 nyota au sayari itakuwa imesogea nyuzi 5, vidole vitatu. Ikiwepo tena kesho yake karibu mahali pale pale na kusogea hivyo, suala limekwisha, na amelimaliza yeye mwenyewe. Jibu la namna hiyo ndilo linaloaminiwa kijijini.

Taa "iliyotufuata" barabarani huwa ya kundi hili pia. Kitu kilicho mbali sana hakibadilishi upande wakati gari linakimbia na miti ya karibu inarudi nyuma, kwa hiyo huonekana kinaongozana nanyi. Mkisimama, kinasimama. Maelezo haya wape polepole, kwa sababu hofu ya kufuatwa ni ya kweli hata kama hakuna aliyewafuata.

Kama taa ilitulia kwa dakika chache kisha ikageuka na kuondoka, fikiria ndege inayokuja usoni kwako. Taa zake za kutua huonekana kutoka makumi ya kilomita, na kwa kuwa inakujia moja kwa moja, haionekani kusogea. Inapogeuka zile nyeupe hupotea ghafla na nyekundu na kijani hutokea. Taa nyekundu iko bawa la kushoto na ya kijani la kulia. Ndege inayokuelekea itaonyesha nyekundu upande wako wa kulia. Wakazi wa chini ya njia za kuingilia viwanja vya Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe huona hivi kila usiku bila kushangaa. Anayeshangaa ni mgeni, au mwenyeji siku upepo ulipobadilika na ndege zikaingilia upande mwingine. Tovuti ya Flightradar24 huhifadhi mapito ya siku za karibuni, lakini si kila ndege ndogo au ya jeshi huonekana humo, hivyo kukosekana kwa ndege kwenye ramani hakuthibitishi kwamba haikuwepo.

Kati ya 2020 na 2021 Wakenya wengi walikuwa na kisababishi cha ziada: maputo ya intaneti ya mradi wa Loon, yaliyoelea kama kilomita 20 juu. Kwa kimo hicho jua huendelea kulipiga puto kwa karibu dakika 20 baada ya kuzama kwetu chini, na linaonekana kama nukta nyeupe iliyosimama, kisha linazimika. Mradi ulifungwa 2021, lakini mantiki hiyo inafaa kwa maputo ya hali ya hewa hadi leo.

Inatikisika, inacheza, inabadilisha rangi

Nyota yenye nguvu ikiwa karibu na upeo wa macho, mwanga wake hupita katika hewa nyingi yenye joto lisilolingana. Rangi huachana na kurudiana, na unaona nyekundu, bluu na kijani zikipokezana. Sirius ndiyo kinara. Januari jioni inapanda mashariki, na simu huanza kupigwa. Suheli (Canopus), ambayo manahodha wa jahazi wameijua karne nyingi, hufanya vivyo hivyo kusini. Mtu akisema taa ilikuwa na "rangi kama za ambulensi", chini ya nyuzi 15, kwa muda mrefu, angalia nyota kabla ya kingine chochote.

Kuna mtikisiko mwingine ambao hautoki hewani. Ukikazia macho nukta moja katika giza, misuli ya jicho huteleza, na ubongo huihesabu hiyo kama mwendo wa nukta. Mwaka 1799, akiwa kwenye mlima Teide, Tenerife, Alexander von Humboldt aliona nyota zikiyumba na akaamini ni jambo la angani. Baadaye ikajulikana kwamba ni jicho. Hali hiyo huambukizana: mmoja akisema "inaenda kushoto", wenzake nao wataiona ikienda kushoto. Ndiyo maana mashahidi wahojiwe mmoja mmoja, na swali la nguzo na ncha ya paa lirudiwe kwa kila mmoja. Taa iliyokuwa "inacheza" lakini haikuiacha ncha ya paa haikuwa inacheza.

Inakatiza anga kimya kimya

Nukta moja nyeupe, isiyopepesa, mwendo ule ule, inavuka anga kwa dakika nne hadi sita bila sauti, kisha inafifia kabla ya kufika upeo: hiyo ni satelaiti, na ikiwa kali sana ni Kituo cha Anga cha Kimataifa, kilicho kama kilomita 400 juu na chenye mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa. Kufifia kule katikati ya anga safi, ambako huwatisha watu kuliko yote, ni kuingia kwake katika kivuli cha Dunia.

Hapa lazima niwaonye wanaotumia miongozo ya Ulaya. Huko majira ya joto jua halizami sana, na satelaiti huonekana usiku kucha. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima. Kitu kilicho kilomita 400 juu ya utosi wako huingia kivulini takriban dakika 80 tu baada ya machweo, na hakirudi kung'aa mpaka dakika 80 hivi kabla ya macheo. Saa sita usiku kivuli hicho juu yetu kina urefu wa maelfu ya kilomita. Kwa hiyo taa iliyopita utosini Mwanza au Mombasa saa sita usiku haikuwa satelaiti ya kawaida, hata kama programu inaonyesha moja ilipita wakati huo. Kupita si kuonekana. Hakikisha programu, kwa mfano Heavens-Above, inasema ilikuwa inapigwa na jua.

Satelaiti pia haisimami wala haikati kona. Ikikata kona kweli, na si kuyumba kwa jicho, uko kwenye droni, ndege au kiumbe hai. Droni nyingi ndogo hukaa hewani chini ya nusu saa na husikika ukiwa karibu. Ndege yenye abiria iliyo kilomita 10 juu sauti yake huchelewa nusu dakika, hivyo shahidi anaweza kutazama mahali inapotoka sauti, akakuta patupu, na akaapa taa ilikuwa kimya.

Viumbe hai huwasahau wengi. Yangeyange warudio viotani, wakimulikwa kutoka chini na taa za uwanja wa mpira au bandari, huonekana kama umbo la ncha lenye nukta za rangi ya maziwa, likipita kimya na kubadilika umbo. Dalili ni kwamba "taa" zilizimika zote pamoja mara tu zilipotoka juu ya mji.

Msafara wa taa, moja nyuma ya nyingine

Hizi ni satelaiti za intaneti za Starlink. Kundi la kwanza la 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo kila kurushwa huzaa msafara unaoonekana kwa siku chache kabla ya kutawanyika. Taa zote hufuata njia moja na kuzimika mahali pamoja, moja baada ya nyingine. Tafuta tarehe ya kurushwa iliyotangulia. Ikiwa ni ndani ya wiki, na muda ni wa baada ya machweo au kabla ya macheo, una jibu.

Zikishatawanyika huleta dalili nyingine, isiyofanana kabisa na msafara: mimweko ya sekunde chache chini magharibi, saa mbili hadi tatu tangu jua kuzama, au mashariki kwa kiasi hicho kabla ya macheo. Mmoja unawaka na kufa, mwingine unawaka karibu na hapo, na mtu anaona kama vitu viwili vinafukuzana. Ni bapa za satelaiti zikirudisha mwanga wa jua lililo chini ya upeo. Upande utakusaidia: mimweko hukusanyika juu ya mahali jua lilipo chini ya ardhi.

Mpira wa moto

Tenganisha kwa muda. Kimondo huingia kwa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, na kwa hiyo hata kile kikubwa humalizika ndani ya sekunde chache. Kipande cha roketi au satelaiti inayorudi huingia kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde na kwa mteremko mdogo. Huchukua dakika nzima au zaidi, kikimeguka vipande vinavyosafiri pamoja kwa safu.

Safu hiyo ndiyo inayozaa simulizi nzito. Tarehe 3 Machi 1968 mabaki ya roketi iliyorusha chombo cha Kisovieti Zond IV yaliungua juu ya majimbo kadhaa ya Marekani. Baadhi ya mashahidi, watu wa heshima, walieleza chombo kirefu chenye madirisha yaliyowaka ndani. Nukta za moto walizoziona zilikuwa za kweli. Mwili wa chombo uliozishika pamoja uliongezwa na ubongo. Usiku wa 14 Septemba 1994 hatua ya roketi ya Zenit, iliyokuwa imebeba satelaiti Cosmos 2290, iliungua juu ya kusini mwa Afrika, na gumzo lililofuata Zimbabwe linakumbukwa mpaka leo. Shahidi akikuambia "madirisha", usicheke na usiandike chombo. Andika idadi ya nukta, rangi, na kama umbali baina yao ulibadilika. Ukibadilika, hazikuwa kwenye mwili mmoja.

"Kimeanguka nyuma ya kilima kile" ni kauli utakayoisikia kila mara. Kimondo kikizimika bado kiko makumi ya kilomita juu, na "nyuma ya kilima" inaweza kuwa wilaya nyingine au nchi nyingine. Tafuta shahidi wa pili aliye mbali, chukua upande wake, chora mistari miwili kwenye ramani uone inakutana wapi. Uliza pia kuhusu mshindo: sauti husafiri kilomita moja kwa karibu sekunde tatu, hivyo ngurumo iliyofika dakika moja na nusu baada ya mwanga inaonyesha kama kilomita 30. Ngurumo ni habari njema kwa mtafutaji, kwa sababu ina maana kimondo kilishuka chini vya kutosha na huenda mawe yamefika ardhini. Ndivyo ilivyokuwa Mbale, Uganda, 14 Agosti 1992, mchana kweupe: mawe yalisambaa mjini, na kimoja kidogo kikapiga majani ya mgomba kabla ya kumfikia mvulana kichwani bila kumuumiza. Ndivyo pia Thika, Kenya, 16 Julai 2011.

Zingatia kalenda. Mvua za vimondo za Geminidi katikati ya Desemba na Eta Akwaridi mwanzoni mwa Mei, inayoonekana vizuri zaidi kwetu kuliko Ulaya, huongeza taarifa za vimondo vidogo. Vile vikubwa havifuati kalenda.

Duara au mzunguko wa bluu mweupe unaopanuka

Ni mafuta ya roketi yaliyomwagwa juu ya angahewa huku roketi ikizunguka, yakipigwa na jua. Norway iliona mzunguko mkubwa 9 Desemba 2009 kutokana na kombora la Kirusi la Bulava lililoshindwa. Ulaya iliona mwingine 24 Machi 2025 kutoka kwa roketi ya Falcon 9. Linganisha saa na ratiba za kurusha. Kama ni duara linalokimbia chini ya mawingu na kurudi palepale, ni taa ya tamasha.

Taa za chini: juu ya maji, mlimani, nyuma ya miti

Hapa ujuzi wa mahali unashinda programu zote. Juu ya Ziwa Victoria, Tanganyika na baharini, wavuvi wa dagaa huwasha karabai au taa za sola usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wengi wao hupumzika. Ukiwa mlimani na upeo wa maji umefichwa na giza au ukungu, huoni maji yanapoishia. Safu ya taa hizo inakuwa imening'inia angani. Usiku ambao hewa ya chini ni baridi kuliko ya juu, mwanga hupinda na kuziinua zaidi, kuzirefusha, hata kuzigawa mbili. Kwa hiyo swali la kwanza ni mwezi ulikuwa na siku ngapi, na la pili waulizwe wavuvi wenyewe walikuwa wapi. Nenda mwaloni asubuhi wanaporudi. Watakuambia kwa usahihi wa kushangaza.

Barabara za milimani zina tabia yao. Malori yanayoshuka Kitonga au ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Mai Mahiu huelekeza taa mbele kwa mbali, zinawaka kali kwenye kona na kuzimika. Huko Michigan, Marekani, taa ya Paulding ilikuwa na visa vya mizimu kwa miongo, mpaka mwaka 2010 wanafunzi wa Michigan Tech walipoitazama kwa darubini wakaona magari. Fanya kama wao: elekeza darubini, hata ya kutazamia ndege na wanyama, kisha mtume mwenzako aendeshe gari barabarani na kuwasha taa za tahadhari kwa saa mliyokubaliana.

Minara ya simu yenye taa nyekundu, mitambo ya upepo ya Ngong, moto wa nyika unaopanda mteremko kwa mstari: orodha hiyo ipitie mchana, ukiwa pale pale shahidi aliposimama. Mnara uliojengwa mwezi uliopita hauonekani kwenye ramani ya zamani.

Wekundu mawinguni, au kumulika bila ngurumo

Radi huonekana usiku kutoka zaidi ya kilomita mia moja, lakini ngurumo hupotea baada ya kilomita 15 au 20. Dhoruba za Ziwa Victoria hukomaa usiku juu ya maji, hivyo wakazi wa kando huona upeo ukipepesa kimya kwa saa nyingi. Picha za satelaiti za hali ya hewa za saa hiyo zitaonyesha wingu.

Goma ni habari nyingine. Huko wekundu mawinguni juu ya volkano ya Nyiragongo hutoka kwenye ziwa la lava kreteni, na watu waliopitia milipuko ya 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021 wana haki ya kuuliza kila wekundu unapozidi. Taarifa ya namna hiyo isikae kwako hata saa moja. Ipelekwe kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG.

Kwenye picha ipo, machoni haikuwepo

Omba faili halisi. Iliyopitia WhatsApp kama picha imebanwa na kupoteza saa yake. Mwambie aitume kama hati. Kisha chora mstari kutoka taa kali kabisa iliyo ndani ya picha, upite katikati ya fremu, uendelee umbali ule ule upande wa pili. "Chombo" kikiwa hapo, ni mwakisiko ndani ya lenzi. Kwenye video kitasogea kinyume na taa kila mkono unapotikisika.

Duara kubwa lenye mishipa na ukingo ni nukta iliyokosa fokasi kwa zumu ya dijiti. Simu haiwezi kuonyesha umbo la kitu kilicho mbali kiasi hicho, kwa hiyo usijadili umbo kabisa. Chukua kutoka kwenye video vitu viwili: saa, na jinsi taa ilivyosogea ukilinganisha na paa au waya.

Kuna kitu kimeonekana ardhini

Jiwe la kimondo hufika likiwa limeshapoa kiasi cha kutowasha nyasi. Moto uliokutwa mahali pale una chanzo kingine. Chuma ni jambo tofauti. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Kenya Space Agency ilifika, ikaichukua, na kueleza kwamba ni kipande cha roketi. Watu wasikishike wala kukibeba kupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu: matangi huweza kuwa na masalia ya mafuta yenye sumu kali. Piga picha pamoja na kitu cha kulinganisha ukubwa, weka watu mbali, ita polisi.

Ikibaki bila jibu

Baadhi zitabaki. Ufaransa ina ofisi ya kazi hii tangu 1977, sasa inaitwa GEIPAN, ndani ya shirika la anga CNES huko Toulouse, na madaraja yake manne yanafaa kuigwa: A, kimetambuliwa bila shaka, B, kimetambuliwa kwa uwezekano mkubwa, C, hakitambuliki kwa upungufu wa habari, D, habari ni nzuri na bado hakuna maelezo. Usichanganye C na D. Taarifa isiyo na saa wala upande ni C hata ikisisimua namna gani. D ya kweli ni adimu na ina thamani: bonde la Hessdalen, Norway, lilitoa taarifa nyingi za taa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1998 lina kituo cha vipimo kinachojiendesha, kwa sababu watu waliandika saa na upande badala ya kubishana.

Mpe shahidi jibu kwa mdomo, na kama taarifa yake ni C mwambie kilichokosekana, ili akiona tena ajue cha kupima. Ikiwa ni D, mwambie hivyo hivyo, mbele ya majirani zake ikibidi. Kisha lirudie faili baada ya wiki mbili, kwani taarifa za roketi zilizoungua na mazoezi ya kijeshi mara nyingi hutolewa siku kadhaa baadaye, na D nyingi hushuka kuwa A kwa mstari mmoja wa tarehe na saa za UTC.